Kabla ya Kutafuta Skolashipu, Ujue Fedha ni ya Nani

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na vijana 81 waliokuwa wanakwenda kusoma Marekani. Ilikuwa ndege ya kwanza ya mpango uliosukumwa na Tom Mboya, na hadi mpango ule ulipomalizika mwaka 1963 walikuwa wamevuka bahari karibu vijana 800, wengi wao wa Kenya, wengine wa Tanganyika, Uganda na nchi jirani. Tukiisimulia habari hiyo leo tunasema kwa kifupi kwamba walipata skolashipu. Ukifungua hesabu zake unakuta watoaji wengi. Nauli ya ndege ilichangwa na Wamarekani wa kawaida, baada ya barua ya kuomba msaada iliyotiwa saini na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Ada zilisamehewa au kupunguzwa na vyuo vyenyewe, kila kijana na chuo chake. Fedha za matumizi zilitafutwa nyumbani kwa harambee na michango ya ukoo. Mwaka 1960 fedha za ndege ya pili zilipokuwa hazionekani, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo ni Wangari Maathai, aliyekwenda chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas.

Mambo hayajabadilika sana. Kijana anaposema "natafuta skolashipu" huwa anawaza mfadhili mmoja atakayebeba kila kitu: ada, nauli, chakula, bima, pango. Ufadhili wa namna hiyo upo, lakini ni mchache na majina yake yanajulikana na kila mtu, ndiyo maana unagombewa na maelfu. Wengi waliosoma ughaibuni bila kuzaliwa katika familia zenye uwezo walifika kwa kuunganisha mafungu. Ili uyaunganishe lazima ujue kila fungu ni la nani, na mwenye fungu hilo anatafuta nini kwako. Nimesoma rasimu nyingi za maombi ya vijana wetu, na wengi hawakuwa wanakwama kwenye alama. Walikwama kwa sababu walimpelekea mtu mmoja ombi ambalo lingempendeza mtu mwingine kabisa.

Fedha za serikali

Uingereza ilianzisha skolashipu ya Chevening mwaka 1983 na kuiweka chini ya wizara yake ya mambo ya nje. Hapo ndipo pa kuanzia kuielewa. Wizara ya mambo ya nje inatafuta watu watakaoshika nafasi kubwa katika nchi zao na watakaoikumbuka Uingereza kwa wema. Ndiyo maana insha zake zinauliza kuhusu uongozi, kuhusu namna unavyojenga mahusiano na watu, kuhusu sababu za kuchagua Uingereza na kuhusu mpango wako wa kazi. Ndiyo maana pia inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Haina kikomo cha umri. Mwalimu wa miaka 41 aliyeanzisha chama cha wazazi wilayani kwake ana hoja nzito hapa kuliko kijana mwenye alama za juu ambaye hajawahi kuongoza hata kamati ya darasa.

Nchi hiyohiyo ina mfuko mwingine wenye tabia tofauti. Skolashipu za Jumuiya ya Madola, zilizoanzishwa mwaka 1959, hutazama maendeleo: masomo yako yatasaidia nini mahali unapotoka, na je, bila fedha hizi ungeweza kusoma Uingereza? Anayeandika kuhusu ndoto yake ya uongozi wa kitaifa amekosea anwani. Zaidi ya hapo ni za raia wa nchi wanachama tu. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo, Mnyarwanda ameingia tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009, lakini Mkongo na Mrundi hawamo. Ndugu zetu hao wana njia yao kupitia nchi zinazozungumza Kifaransa: Ubelgiji kuna skolashipu za ARES, na Ufaransa kuna skolashipu ya Eiffel. Kuhusu Eiffel kuna jambo linalowapoteza wengi kila mwaka: mwanafunzi haiombi mwenyewe. Chuo cha Ufaransa ndicho kinachopeleka jina lake, kwa hiyo kazi yako ni kukishawishi chuo mapema. Umri nao unahesabiwa, usizidi miaka 25 kwa uzamili na 30 kwa uzamivu, na ada ya chuo haimo ndani ya ufadhili huo.

Ujerumani ina DAAD, shirika la ufadhili wa masomo lililozaliwa mwaka 1925 ambalo limekuwa na ofisi Nairobi tangu 1973. Programu yake inayowafaa zaidi watu wa kwetu ni ile ya shahada za uzamili zinazohusu maendeleo, ijulikanayo kama EPOS. Inataka uwe umefanya kazi kwa angalau miaka miwili na shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka sita. Sharti hili la pili huumiza. Mtu anafanya kazi serikalini miaka minane, anakusanya uzoefu mzuri, halafu anagundua kwamba dirisha lilikwisha kufungwa. Kama unaifikiria Ujerumani, hesabu miaka yako sasa.

Je, aliyemaliza chuo mwaka jana na hajaajiriwa? Huyu asiutumie mwaka wake kuandika insha za Chevening. Aende Erasmus Mundus, programu ya Umoja wa Ulaya ya shahada za uzamili zinazosomwa katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Hulipa ada na kumpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi kwa hadi miezi 24, na kozi zake nyingi hazidai uzoefu wa kazi. Aende pia Uchina, Uturuki na Hungary. Huko swali kubwa ni alama na umri. Uturuki, kupitia Türkiye Bursları, hutaka uwe chini ya miaka 21 kwa shahada ya kwanza, chini ya 30 kwa uzamili na chini ya 35 kwa uzamivu. Uchina vikomo ni 25, 35 na 40. Kwa hiyo mtu akikwambia "jaribu kote kote" hajakusaidia. Kuna milango ambayo umri wako unaifunga mwaka huu na mingine ambayo bado haijafunguka kwako.

Kisha kuna zile ambazo huwa hazisemwi mitandaoni. Nchi kadhaa hutoa nafasi kwa nchi zetu kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, na nafasi hizo hutangazwa na wizara ya elimu ya nyumbani: Algeria, Uchina, Hungary, Urusi. Tangazo hukaa wiki chache na kutoweka. Wenye kutembelea tovuti ya wizara kila wiki ndio wanaozipata, na mara nyingi ushindani wake ni mdogo kuliko wa zile zenye majina. Watu wa Pwani na Unguja wanaijua vizuri njia nyingine ya aina hii, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa mwaka 1961 na kinachosomesha wageni bila ada pamoja na malazi na posho.

Ughaibuni si lazima uwe ng'ambo ya bahari. Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University), kilicho chini ya Umoja wa Afrika, hufadhili uzamili na uzamivu, na taasisi yake ya sayansi na teknolojia iko katika chuo kikuu cha JKUAT, Juja, nje kidogo ya Nairobi. Mtanzania au Mganda anaweza kwenda kwa basi. Naiona kuwa fursa inayodharauliwa bila sababu.

Fedha za chuo na fedha za maabara

Kwa anayetoka kidato cha sita na kutaka shahada ya kwanza, serikali nyingi tajiri hazina cha kumpa. Wenye fedha ni vyuo, na hasa vyuo binafsi vya Marekani. Hapa kuna jambo linaloonekana kinyume na akili: chuo chenye ada kubwa kuliko vyote ndicho kinachoweza kuwa cha bei nafuu kwako. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawatazami uwezo wa familia wanapoamua nani aingie, hata kwa mgeni, na wakishakuchukua hulipa sehemu yote ambayo familia yako haiwezi. Kuingia huko ni kugumu sana. Chini yao kuna vyuo vingine vingi, vidogo na visivyojulikana kwetu, ambavyo navyo hulipa pengo lote lakini hutazama kwanza utawagharimu kiasi gani. Kwa vyuo hivyo kuomba msaada mkubwa kunapunguza nafasi ya kukubaliwa, lakini ukificha na kuomba baadaye unaweza kukuta mlango umefungwa kabisa, kwa kuwa vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba msaada baada ya udahili. Sema ukweli tangu mwanzo. Kuna pia Berea College huko Kentucky, ambayo haitozi ada mwanafunzi yeyote, na huchukua wageni wachache kila mwaka.

Fomu za msaada huo huuliza kipato cha wazazi kana kwamba kila mzazi duniani ana hati ya mshahara. Mama anayeuza mboga Mabibo hana. Mkulima wa Kitale hana. Usiache nafasi wazi wala usibuni namba. Kadiria kipato cha mwaka kwa msimu, andika maelezo mafupi ya jinsi ulivyokadiria, na ambatisha barua ya mtendaji wa mtaa au chifu. Ofisi za vyuo hivyo zimezoea maelezo ya namna hiyo, zinachotaka ni hesabu inayoeleweka.

Tofautisha msaada wa aina hiyo na punguzo la bei. Kuna vyuo, Cyprus ya Kaskazini ikiwa mfano unaofahamika sana, vinavyotangaza "skolashipu ya asilimia 50" kwa karibu kila anayeomba. Bei ya kwanza imepandishwa ili ipunguzwe. Si uhalifu, ni biashara, lakini familia huuza kiwanja ikidhani mtoto ameshinda kitu. Kipimo ni kimoja: sahau asilimia, uliza kwa shilingi nitalipa kiasi gani kila mwaka hadi nihitimu, na je, bei hiyo inaweza kupanda.

Uzamivu una mantiki yake peke yake. Katika fani za sayansi, uhandisi, uchumi na sayansi ya jamii, vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani humsamehe ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho kwa kufundisha madarasa au kufanya kazi ya maabara. Uholanzi, Norway na Sweden mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara, na nafasi yake hutangazwa kama tangazo la kazi. Mwenye fedha hapa ni profesa au idara, na haja yake ni mtu atakayefanya kazi ile. Hataki kusikia maisha yako yalivyokuwa magumu. Anataka kujua kama umesoma alichoandika, unaweza kutumia programu gani ya takwimu, na tasnifu yako ya uzamili ilipata nini. Barua pepe yenye aya tatu zinazogusa utafiti wake hasa inashinda barua mia zilizonakiliwa zenye "Mheshimiwa Profesa, natafuta ufadhili". Mtu mwenye shahada ya kwanza nzuri ya sayansi anayehangaika kutafuta fedha za uzamili Marekani, ambako uzamili mara nyingi ni wa kulipia, aulize kama anaweza kuingia moja kwa moja kwenye uzamivu. Vyuo vingi vya huko huruhusu.

Wakfu binafsi nitaupitia haraka. Mastercard Foundation ilianza mpango wake wa wasomi mwaka 2012 na haipokei maombi ya wanafunzi yenyewe. Unaomba kwa chuo mshirika, kama vile Edinburgh, Pretoria, Makerere au Carnegie Mellon ya Kigali. Aga Khan Foundation, yenye mizizi ya miaka mingi kwetu, hutoa nusu kama msaada na nusu kama mkopo. Soma neno mkopo pale linapoandikwa. Kulipa nusu kwa shilingi zinazoshuka thamani dhidi ya dola ni mzigo ambao lazima uujadili na familia kabla ya kusaini.

Pengo

Ukishajua nani anatoa, kaa na kalamu uhesabu kinachobaki. Neno "ufadhili kamili" halina maana moja. Hungary, kupitia Stipendium Hungaricum iliyoanza mwaka 2013, hulipa ada yote, hutoa nafasi ya bweni na bima. Posho yake kwa shahada ya kwanza na uzamili ni forint 43,700 kwa mwezi, kitu kama euro 110. Budapest huwezi kula mwezi mzima kwa fedha hiyo. Wanafunzi wanaofanikiwa huko ama wanafanya kazi za saa chache, ama wanatumiwa kidogo na nyumbani. Nafasi za serikali ya Urusi hulipa ada na kukupa posho ndogo, lakini tiketi na bima ni juu yako. Bado ni fursa nzuri mno. Ubaya unaanza pale mtu anapopanda ndege akiamini kila kitu kimelipwa.

Ujerumani ni kinyume chake. Vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache kama Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Watu husikia "Ujerumani ni bure" na kuishia hapo. Ubalozi lakini unataka uoneshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, zinazowekwa katika akaunti maalumu ambayo unaruhusiwa kuchota kiasi cha mwezi kwa mwezi tu. Finland tangu Novemba 2024 inataka uoneshe euro 800 kwa kila mwezi. Uingereza hutoza mchango wa huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, unaolipwa wote kabla ya viza, na fedha zako za kujikimu lazima ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo. Fedha zilizokopwa kwa mjomba na kuingizwa jana hazihesabiki. Barua rasmi ya mfadhili huondoa masharti mengi ya aina hii, ndiyo sababu barua hiyo iwe na kiasi, muda na kila kinacholipwa, vikiwa vimeandikwa.

Kilichotokea Uasin Gishu, Kenya, kinafaa kukumbukwa na kila mzazi. Kaunti ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kwenye vyuo vya Finland na Canada. Wazazi ndio waliolipa, wengine kwa kuuza mashamba, na fedha zilipitia kwenye akaunti ya mfuko wa kaunti. Mwaka 2023 vyuo vya Finland vilikuwa vinadai ada ambazo havikuwa vimezipokea, wanafunzi wakatishiwa kufukuzwa, na wazazi wakaandamana Eldoret. Agosti mwaka huo watu kadhaa walifikishwa mahakamani katika kesi iliyotaja zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 1.1, wakakana mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Kwa familia, funzo la kiutendaji liko wazi: ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kwa namba ya mwanafunzi, na risiti itoke chuoni. Anayesimama katikati, awe wakala, mchungaji, mwanasiasa au ofisi ya umma, asiwe ndiye anayepokea.

Kuhusu mawakala kwa jumla, wengi wao hulipwa kamisheni na vyuo. Hilo peke yake linakueleza kwa nini hawatakupeleka DAAD wala Chevening, ambako hakuna kamisheni. Na yeyote anayekuomba "ada ya kushughulikia" skolashipu ambayo kuiomba ni bure, kama Chevening au Türkiye Bursları, ni tapeli. Achana naye hata kama amevaa suti na ana ofisi Posta.

Mfuatano wa tarehe

Hapa ndipo watu wenye uwezo hasa wanapoangukia, na inauma kuona. Kila mfuko una mpangilio wake wa nini kinatangulia. Chevening unaomba ufadhili kwanza, kati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba au Novemba kutegemea mwaka, kisha unaendelea kutafuta udahili katika kozi tatu ulizotaja, na barua ya chuo inatakiwa baadaye, karibu Julai. Sweden ni kinyume. Ufadhili wa Swedish Institute hufunguliwa Februari, lakini maombi ya chuo hufungwa katikati ya Januari na yana ada ya krona 900. Anayesubiri skolashipu ifunguke ndipo aanze hukuta hana pa kuombea. Uturuki dirisha ni 10 Januari hadi 20 Februari. Hungary hufunga katikati ya Januari. Kozi nyingi za Erasmus Mundus hufunga kati ya Desemba na Februari, kila kozi na tarehe yake. Uchina kuna njia mbili, ubalozini na chuoni moja kwa moja, na kila moja ina kalenda yake.

Kwa hiyo anayetaka kuanza masomo Septemba, awe na pasi ya kusafiria, transkripti na cheti cha Kiingereza ifikapo Oktoba ya mwaka unaotangulia. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili, na mtihani wenyewe ni ghali, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Kabla ya kulipia, uliza kama chuo kinakubali barua kutoka chuo chako cha nyumbani inayothibitisha kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Vingi hukubali. Mkongo au Mrundi mwenye vyeti vya Kifaransa aweke muda na fedha za mtafsiri aliyeapishwa. Na Mtanzania asisahau kuandika GPA yake, yaani wastani wa alama, pamoja na kipimo: 4.1 kati ya 5. Ukiandika 4.1 peke yake, msomaji wa Marekani aliyezoea kipimo cha 4 hajui akuelewe vipi.

Barua za mapendekezo zinachelewesha watu kuliko kitu kingine chochote. Wahadhiri wetu wana madarasa ya mamia ya wanafunzi, na ukimwendea ukiwa umebakiza siku mbili atakuandikia barua ya aya moja inayosema wewe ni mchapakazi na mwenye nidhamu. Barua hiyo haikusaidii. Mwendee miezi miwili kabla, kwa heshima, mpe wasifu wako, kazi yako aliyoisahihisha na alama zako, na mweleze kwa maandishi mfuko unaouomba unatafuta nini. Kufanya hivyo si kumfundisha kazi. Unampa kumbukumbu za kuandikia. Baadhi ya wahadhiri watakuambia uandike mwenyewe naye asaini. Kataa kwa adabu, umpe maelezo kwa vidokezo badala yake, kwa sababu barua tatu zenye sauti moja hutambulikana mara moja.

Insha nayo iandikwe kwa ajili ya mwenye fedha uliyekwisha kumtambua. Vijana wetu wengi huanza na umaskini: nilizaliwa kijijini, baba alifariki, nilitembea kilomita nyingi kwenda shule. Maisha hayo ni ya kweli na yanastahili heshima, lakini msomaji wa maombi amesoma mamia ya aya kama hizo asubuhi hiyo, na hazimwambii utafanya nini. Mwambie tatizo moja unalolijua kwa undani. Kama unafanya kazi kwenye mamlaka ya maji ya mji mdogo, eleza mabomba yanayovuja na wateja wasio na mita, umejaribu nini, ulishindwa wapi kwa kukosa ujuzi gani, na kozi gani katika chuo gani inafundisha ujuzi huo, kwa jina la somo. Umaskini utaonekana wenyewe ndani ya simulizi hiyo bila kuusukuma.

Ukipata

Soma mkataba kabla ya kusherehekea. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, huja kwa viza ya J-1 yenye sharti la kukaa nchini kwako miaka miwili kabla ya kuweza kuomba viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu Marekani. Chevening na Jumuiya ya Madola nazo zinataka urudi. Uliza kuhusu familia: Uingereza tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto, ingawa walio na ufadhili wa serikali wana nafuu katika sheria hiyo, na hata wakiruhusiwa, posho ya Chevening ni ya mtu mmoja. Uliza pia kinachotokea fedha zikikatika. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda malipo ya programu za kubadilishana wanafunzi, Fulbright ikiwemo, na watu waliokuwa katikati ya masomo walijikuta hawajui watalipa pango kwa fedha gani.

Mtanzania apitie TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla ya kuondoka kwa ajili ya cheti cha kutokuwa na pingamizi, na ahakikishe chuo anachokwenda kinatambuliwa, maana akirudi shahada yake itapimwa na TCU hiyohiyo. Mkenya atakutana na CUE, tume ya vyuo vikuu ya kwao. Aliyeajiriwa serikalini aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi na asiondoke kabla ya jibu, kwa kuwa mshahara wake nyumbani mara nyingi ndio unaolipa karo za wadogo zake wakati yeye hayupo.

Jambo la mwisho ni mwezi wa kwanza. Posho nyingi huingizwa kwenye akaunti ya benki ya nchi unakokwenda, na akaunti hiyo huwezi kuifungua kabla ya kusajili makazi, na makazi hayapatikani bila kulipa amana ya pango. Erasmus Mundus hujumuisha hata nauli ndani ya zile euro 1,400, kwa hiyo tiketi unaikata mwenyewe kwanza. Mwandikie mfadhili umuulize malipo ya kwanza yataingia tarehe gani na kama anatoa chochote kabla ya safari. Kisha zungumza na ndugu mapema kuhusu fedha za wiki sita za kwanza: pango, amana, nguo za baridi, chakula, kadi ya usafiri. Kama wanapanga sherehe ya kukuaga, waombe kwa upole wachangie wiki hizo sita badala ya ukumbi.